Pedali za kunasa, goti langu, na fundi asiyesikiliza

Karakana ninayoieleza iko hapa Malindi, na jina lake nitaliacha. Kilichonichoma ni maneno ya fundi wake, aliyoyasema mbele ya wateja wengine nilipomweleza kwamba goti langu la kulia linauma kila ninaporudi na baiskeli kutoka Watamu. "Mzee, hivi ni vitu vya Wataliano," alisema bila hata kuinua macho. "Tia pedali za kawaida upumzike." Nilikuwa nimepeleka pedali zangu, zile zinazonasa kiatu, zitazamwe, si umri wangu.

Nilikuwa nimeomba mambo matatu, na niliyaomba kwa utaratibu. La kwanza, afungue pedali, asafishe beringi na kuzitia grisi mpya, kwa sababu ile ya kulia ilikuwa inakwaruza. La pili, abadilishe kliti, yaani vile vipande vidogo vya chuma vinavyofungwa chini ya soli na kunasa kwenye pedali, kwa kuwa vyangu vilikuwa vimelika kiasi cha kiatu kuchezacheza. La tatu, na ndilo lililonipeleka hasa, azungushe kidogo kliti ya kulia ili mguu wangu ukae unavyotaka wenyewe badala ya kulazimishwa kunyooka. Mguu ulionaswa hauna nafasi kubwa ya kujigeuza, kwani kliti za aina ya SPD, yaani za kampuni ya Shimano kama zangu, humwachia mwendeshaji nyuzi chache tu za kugeuza kisigino kabla haujafyatuka. Ukifungwa kwa pembe isiyo yake, ule msokoto hupanda hadi kwenye goti na kurudiwa kila mzunguko, maelfu ya mara katika safari moja.

Nilipokwenda kuchukua vitu vyangu, kliti zote mbili zilikuwa zimefungwa katikati kabisa, zimenyooka, na zimesukumwa mbele hadi karibu na vidole. Kinachonishangaza mpaka sasa ni kwamba alama ya kliti za zamani ilikuwa imejichora yenyewe kwenye soli, wazi kabisa, na fundi anayejua kazi huanzia hapo, kisha husogeza kidogo kidogo kutoka kwenye alama hiyo. Kama hakuna alama, huichora kwa kalamu kabla ya kulegeza bolti hata moja. Huyu alifunga kana kwamba viatu havijawahi kuvaliwa na mtu.

Hayo ningeyavumilia, kwa kuwa bolti mbili za kila kliti na ufunguo wa milimita 4 zingetosha kuyarekebisha nyumbani. Lakini alikuwa amegusa pia springi ambazo sikumwomba aziguse. Kila upande wa kila pedali una skrubu yake ndogo ya kuongeza au kupunguza nguvu ya kunasa, kwa hiyo jumla ni skrubu nne, na zote alikuwa amezikaza hadi mwisho. Nilipouliza, alinijibu kwamba zilikuwa zimelegea. Hazikuwa zimelegea, nilikuwa nimeziweka hivyo kwa makusudi, kwa sababu barabara ya kwenda Gede ina matatu zinazosimama bila ya taarifa, na mtu anayepita hapo anahitaji mguu utoke mara tu anapougeuza.

Matokeo yake yalionekana na watu wengi pale kwenye njia panda ya Gede. Tuktuk ilinikatia mbele, nikafunga breki, nikageuza kisigino nje kama ilivyo kawaida, na mguu haukutoka. Baiskeli iliposimama nikaanguka ubavu kama gunia la nazi, kiatu kikiwa bado kimenasa. Waliokuja kuniinua walikuwa waungwana, isipokuwa mmoja aliyeniuliza kwa nini nimejifunga miguu. Swali lake lilikuwa la haki kuliko jibu lolote nililopata karakanani.

Hata hivyo, haki ni haki. Kazi ya beringi aliifanya vizuri sana. Pedali inazunguka kimya, haina mchezo hata kidogo, na alijua kwamba pedali ya kushoto ina hesi, yaani mikato ya skrubu, za kinyume, hulegezwa kwa kuizungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Nimewahi kuona mafundi wenye sifa wakiikaza wakidhani wanaifungua, hadi mkono wa krenki, ule unaoshika pedali, ukafa hesi. Alipaka grisi kwenye hesi kabla ya kurudisha pedali, jambo ambalo katika mji huu wa chumvi si anasa, kwani ekseli ya chuma ikikaa kavu ndani ya krenki ya aluminiamu, hewa ya bahari huzishikamanisha hata spana ishindwe. Bei yake pia haikuwa mbaya. Nilipofika hapa katika kuandika nilianza kujiuliza kama namwonea kijana wa watu, nikawa tayari kusema kwamba karakana hii inafaa.

Kisha nikayakumbuka yale maneno yake.

Vitu vya Wataliano! Kama ni kutafuta asili, basi pedali za namna hii zilienea kwa kampuni ya Look ya Ufaransa, ambayo ilikuwa inatengeneza vishikizi vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ikauhamishia utaalamu huo kwenye baiskeli mwaka 1984. Mwendeshaji Mfaransa Bernard Hinault akashinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France ya mwaka 1985 akizitumia. SPD za Shimano, ambazo kliti yake imefichwa ndani ya soli ili mtu aweze kutembea, zilikuja mwaka 1990 kutoka Japani. Aliyezieneza si Mtaliano, na hata angekuwa yeye, goti halina uraia.

Aliyenisaidia mwishowe ni mzee mmoja anayeziba pancha chini ya mwembe, ambaye alikiri hajawahi kushika pedali kama hizi. Aliziangalia, akazibonyeza kwa kidole gumba, halafu akaniambia, "Hebu kaa juu ya meza, bwana, uning'inize miguu." Nikaining'iniza. Wa kushoto ulielekea mbele, na wa kulia vidole vyake vikaelekea nje. "Basi huo ndio ufungwe hivyo," akasema. Tukaigeuza ncha ya kliti ya kulia kidogo kuelekea upande wa dole gumba, ili vidole vipate kutoka nje na kisigino kiingie ndani, kisha tukazirudisha kliti zote nyuma, chini ya kifundo kinene cha dole gumba na milimita chache zaidi kuelekea kisigino, jambo lililoondoa na ganzi ya vidole niliyokuwa nimeizoea. Kwa kuwa kliti zilirudi nyuma, kiti cha baiskeli nacho tulikishusha kidogo. Springi nilizilegeza mwenyewe kwa ufunguo wa milimita 3, nikihesabu milio ili pande zote nne zilingane, maana upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine laini mtu hajui amekanyagia upi.

Tangu hapo goti limetulia. Sisemi limepona, kwa sababu siku ya upepo mkali wa kusi bado hunikumbusha, lakini Watamu naenda na kurudi. Nikifika nyumbani nazimwagia pedali maji baridi, nautoa mchanga kwenye springi kwa mswaki wa zamani, na nikizikausha natia tone la mafuta mepesi. Grisi nzito kwa nje ya pedali hapa pwani hukusanya mchanga tu, na kliti hukataa kunasa.

Kwa hiyo, anayetaka beringi zake zisafishwe na aende kwenye karakana ile, atahudumiwa vyema. Anayeumwa na goti asiende. Au tuseme asiende yeyote, kwa sababu kliti zangu za zamani na bolti zake nne zisizoshika kutu, ambazo hazikuwa na kasoro, zilibaki kwenye kopo lake. Nimezidai zaidi ya mara moja, na kila mara naambiwa nije kesho.