Counter-Strike 2: fulana ya kinga na helmeti zina thamani gani?

Mchezo huu wa kupigana risasi kati ya timu mbili, washambuliaji na walinzi, ni wa bure, ila Steam, duka la michezo la mtandaoni, inadai nafasi ya GB 85. Kwa bando za Kampala hiyo ni shughuli. Upakue kwenye ukumbi wenye intaneti ya waya, usiku.

Hesabu ya madhara ndiyo inayoupa mchezo huu utamu. Kila mchezaji ana uhai 100. Fulana ni dola 650 za mchezoni, pamoja na helmeti 1,000. Risasi ya AK-47, bunduki ya washambuliaji, hutoa 36 kifuani. Fulana huishusha hadi 27, kwa hiyo adui anahitaji risasi nne badala ya tatu. Kichwani pigo huzidishwa mara nne, na hapo AK huua hata mwenye helmeti. M4A4, bunduki ya walinzi, haiwezi: hutoa 92 tu, adui anabaki na 8 na kukurudishia.

Kwa hiyo mshambuliaji asiingie bila helmeti. Mlinzi anayekabili AK pekee anaweza kuziacha zile 350 za helmeti akanunua maguruneti, mradi wapinzani wasiwe na bastola tu: bastola ya Glock kwa karibu huua kichwa kisicho na helmeti kwa risasi moja.

Miguu hailindwi kabisa. Hata hivyo AWP, bunduki ya mdunguaji, ikipiga mguu haimuui mwenye uhai kamili, jambo ambalo wengi hulalamikia bure.

Kasoro? Mchezo hauelezi hesabu hizi za madhara, na seva za Valve barani ziko Afrika Kusini, mbali na sisi.