Uzoefu wangu: miezi saba na shirika linalosaidia wenye ulemavu wa viungo kupata kazi

Natumia kiti mwendo tangu 2019, baada ya ajali ya bodaboda iliyoniumiza uti wa mgongo. Kabla ya hapo nilikuwa keshia kwenye duka la jumla Kariakoo. Nilipopata nguvu nikasoma cheti cha uhasibu, nikaanza kutuma maombi. Matangazo mengi ya kazi yanasema wenye ulemavu wanahamasishwa kuomba, na mimi niliomba kweli. Niliitwa kwenye usaili mara tano. Mara mbili nilirudi nyumbani bila kuulizwa hata swali moja, kwa sababu ofisi ilikuwa ghorofani na lifti hakuna. Mahali pamoja mlinzi alijitolea kunibeba mgongoni. Alikuwa na nia njema, lakini nilikataa. Sikuweza kufikishwa mbele ya jopo nikiwa mgongoni mwa mtu, halafu nianze kujieleza kuhusu mizania.

Dada mmoja niliyekuwa nakutana naye kwenye mazoezi ya viungo ndiye aliyenielekeza kwenye shirika hili, hapahapa Dar es Salaam. Huduma yao ni bure. Nimekaa nao miezi saba, na nayaandika haya kwa ajili ya anayejiuliza kama safari ina faida.

Nianze na yasiyonifaa. Wiki mbili za kwanza ni mafunzo, na sehemu kubwa ni kufundishwa kujiamini. Tulikuwa kumi na wanne, na zaidi ya nusu yetu tulishafanya kazi miaka mingi kabla ya kuumia. Kujiamini tulikuwa nako, milango ya kupita ndiyo tuliyokosa. Muda ule ningeutumia kujifunza programu za hesabu ambazo kampuni zinatumia siku hizi. Halafu nauli tuliyoahidiwa kurudishiwa ilikuja baada ya mwezi mzima. Kwangu mimi bajaji ni shilingi 6,000 kwenda na 6,000 kurudi, na nilikuwa nakopa kwa mama ili nifike darasani. Hilo walirekebishe. CV walinitengenezea vizuri, sina la kulalamika.

Uzuri wote wa huduma hii uko kwa afisa ajira niliyepangiwa. Siku ya kwanza hakuniuliza ulemavu wangu umetokana na nini. Aliniuliza naweza kukaa saa ngapi kabla ya kujinyanyua kupunguza mgandamizo wa kukaa, na choo cha nyumbani nakitumiaje. Kisha akatoa futi ya fundi kwenye mkoba, akapima kiti changu: sentimita 64 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Akaniambia, "Sasa weka mikono kama unasukuma, mdogo wangu." Ikawa 75. Akaandika zote mbili.

Nilipoitwa kwenye usaili na kampuni moja ya kusambaza vifaa, yeye alitangulia kwenda kuwaona. Mlangoni palikuwa na ngazi mbili, jumla sentimita 30. Mwajiri alishajiaminisha kwamba kunipokea ni kubomoa jengo. Afisa wangu akamweleza kwamba rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, inataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, kwa hiyo pale ni mita 3.6 tu za zege, na nafasi ya kuegesha gari ilikuwa inatosha. Sheria akaitaja mwishoni kabisa: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Pale kuna wafanyakazi zaidi ya 40 na hakukuwa na hata mmoja. Nadhani angeanza na sheria wangemsikiliza kwa hofu, wakaniajiri, wakaniweka kwenye kona. Usaili ulikwenda vizuri, nikapata kazi.

Rampu ilijengwa kabla sijaanza. Choo hakikuguswa. Mlango wake ulikuwa sentimita 62, kiti changu cha 64 hakipiti, na kila nikiuliza naambiwa wiki ijayo. Kwa wiki tatu nilikuwa sinywi maji kuanzia alfajiri hadi nirudi nyumbani jioni. Sikumwambia mtu, niliogopa nisionekane mzigo wakati ndiyo kwanza nimeingia. Nikapata maambukizi ya njia ya mkojo, nikalala na homa siku nne. Aliyeumia uti wa mgongo anajua hilo si jambo la kuchezea.

Siku niliyorudi kazini yule afisa ajira alikuja kunitembelea kama ratiba yao ilivyo. Ilikuwa saa tisa alasiri. Akaangalia meza yangu, akaishika chupa ya maji, akaitikisa. "Mbona imejaa?" Sikujibu. Akatoka, akaenda chooni, nikasikia futi ikivutwa. Alikaa ofisini kwa meneja karibu saa nzima. Wiki iliyofuata fundi alikuja, mlango ukapanuliwa hadi sentimita 85 na ukawa unafungukia nje, na ukutani likawekwa bomba la kushikilia.

Ziara hizo za baada ya kuajiriwa ndizo zinazonifanya niipendekeze huduma hii kwa moyo wote. Ila wanazifanya kwa miezi sita tu, kisha faili linafungwa, wakati mikataba mingi ya kuanzia ni ya mwaka. Nimewaandikia kuomba waongeze muda, bado nasubiri jibu.

Ukienda, wapelekee vipimo vya kiti chako, peke yake na pamoja na mikono yako ikiwa inasukuma. Na suala la choo liulize kabla ya kusaini mkataba, hata kama unaona aibu. Mimi sasa namaliza chupa mbili kabla ya saa nane.