Mkono wa mama yangu si wa kupimia presha!

Mtanisamehe, naandika hii na hasira bado iko. Juzi nimempeleka mama kliniki moja hapa Kampala, sio ya figo, ni ya kawaida tu, kikohozi kilikuwa kinamsumbua na hapo ni karibu na kwetu Kisenyi. Pasafi, foleni fupi, mapokezi wametukaribisha vizuri kabisa, nikasema leo tumepata mahali.

Tukaingia kwa sista. Sasa mama figo zimeshindwa, anasafishwa damu kwa mashine hospitali ya Kiruddu, na mkono wake wa kushoto una fistula, yaani walichukua mshipa unaotoa damu kwa moyo wakauunganisha na ule unaoirudisha ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Tulingoja miezi ndo ikakomaa. Sista akachukua kile kitambaa cha presha akaanza kukifunga mkono uleule. Mama akamwambia taratibu, mwanangu huu hapana, pima huu mwingine. Hata hakumtazama. "Mama tulia, musawo ni nani hapa, wewe ama mimi?" (musawo ndo daktari kwa Kiganda) na huku anajaza upepo!

Nikaruka nikakibandua mwenyewe. Mkono ule ukibanwa damu inaweza kuganda ndani fistula ikafa, na ikifa unarudi kuwekewa mpira wa kuingia kwa mshipa wa shingo, mpira wenyewe ndo njia ya wadudu kuingia kwa damu. Mama saa haivai mkono ule, jerikeni haibebi, hata kuulalia haulalii, halafu mtu wa kazi hiyo hajui? Nikaweka vidole pale kwa kovu, nikasikia bado unatetemeka kama simu iliyo kwa vaibresheni, ndo nikapumua. Na sio eti tunakataa kupimwa presha, presha ndo iliyomla figo, miaka yote haikumuuma popote, tumekuja kujua miguu ikiwa imeshavimba.

Ila nisiseme uongo, daktari wa pale ni mtu. Alisikia kelele akatoka, akamwomba mama radhi, akampima mkono wa kulia yeye mwenyewe. Mama alimwambia mgongo unauma anataka diklofenaki, akakataa, akakaa chini akamweleza kwamba hizo dawa na ibuprofeni zinaumiza figo, hata kale kamkojo kamebaki zinaweza kukamaliza, akampa panado. Kwa huyo daktari peke yake nilitaka kuwaambia nendeni.

Lakini nikikumbuka yule sista sitaki tena. Radhi hakuomba, aliinama kwa simu yake mpaka tukatoka. Na mzee akienda pale peke yake, hana mtoto wa kumrukia, inakuwaje?

Wiki ijayo daktari anataka kusikiliza kifua tena. Tutaenda, kwa ajili yake tu. Mkono wa kushoto utakuwa umefunikwa na leso, na mimi nitasimama upande huohuo.