Moyo walinitengeneza, lakini kuhusu mguu hakuna aliyenifungulia mdomo

Nimefanyiwa upasuaji wa moyo, ule wa baipasi, yaani wa kuitengenezea damu njia nyingine pale mishipa ya moyo ilipoziba, katika hospitali moja kubwa hapa Dar, na hasira bado ninayo. Kifua hakinisumbui. Kinachonisumbua ni mguu.

Jioni ya kuamkia upasuaji alikuja daktari kijana na fomu ya ridhaa. Nikamuuliza, "Daktari, mtanipasua wapi na wapi?" Hata macho hakuinua. "Mzee, weka saini hapo, mengine tuachie sisi." Mke wangu alikuwa amesimama pale pale, kasikia.

Nikazinduka ICU, mrija kooni, sauti haitoki, mguu wa kushoto unawaka moto. Bandeji kutoka kifundoni hadi pajani! Nikajua basi, wamenichanganya na mgonjwa mwingine. Ningemuuliza nani, na kwa mdomo upi? Machozi yalinitoka, mtu mzima mwenye wajukuu.

Aliyekuja kunieleza ni nesi wa wadini, mama wa makamo. Aligeuza karatasi ya vipimo akanichorea kwa kalamu. Mshipa wa upande wa ndani wa mguu hutolewa, ncha moja ikashonwa kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, nyingine mbele ya pale palipoziba, damu ipite pembeni. Mwingine huelekezwa kwenye moyo kutoka humo humo kifuani, na huo ndio hudumu zaidi. Ile ya mguuni, karibu nusu huweza kuziba ndani ya miaka 10 hivi, ndiyo maana aspirini na dawa ya kolesteroli haziachwi. Mfupa wa kidari wameufunga kwa nyaya za chuma, na kuunga kwake ni wiki 8 hadi 12: nisiinue ndoo ya maji, na nikikohoa nikumbatie mto. Ganzi ya kifundoni nayo inaweza kukaa miezi.

Maelezo yenyewe hayakumaliza hata chai ya kikombe kimoja. Sasa yule kijana alishindwa nini?

Nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Lakini nitakuwa mwongo. Zamani ngazi za ghorofa ya kwanza tu zilinibana kifua. Leo naenda msikitini kwa miguu na kurudi bila kusimama njiani. Wale wapasuaji wanaijua kazi yao, na yule nesi Mungu amzidishie. Basi niseme ni hospitali nzuri. Hapana, siwezi kuiita nzuri hospitali inayomfungua mtu mguu bila kumwambia. Wataalamu wazuri, ndiyo. Heshima kwa mgonjwa, sikuiona mpaka nilipofika wadini.

Mdogo wangu naye ameambiwa mishipa yake imeziba. Nitampeleka pale pale, ila fomu nitaishika mimi, na haiguswi na kalamu mpaka wamchoree kila watakapomkata.