Pete ya msiba ya mwaka 1864: pete safi, tangazo la kubabaisha

Niliagiza vitu viwili kwa muuzaji mmoja wa vito vya kale hapa Uingereza: pete ya msiba, yaani ya kumkumbuka marehemu, na pini ya kifuani. Pete ninayo, pini nimeirudisha.

Pete ni dhahabu ya karati 18. Ndani ina alama ya nanga, yaani ubora wa dhahabu yake ulipimwa mjini Birmingham, na limechongwa jina la marehemu na mwaka 1864. Nje imezungushiwa enameli nyeusi, yaani unga wa kioo cha rangi ulioyeyushwa juu ya dhahabu. Ila uhondo wenyewe uko juu: kidirisha cha kioo cha milimita chache, na chini yake nywele za marehemu, za hudhurungi, zimesukwa kama mkeka. Ukiielekeza kwenye mwanga unaona unywele mmojammoja unavyopita juu na chini ya mwenzake.

Shangazi alipoiona kwenye simu akaruka: "Mwanangu, nywele za maiti unavaa kidoleni? Kaitupe!" Namwelewa. Kwetu Tanga mjane akikaa eda, miezi 4 na siku 10, dhahabu yote huvuliwa. Waingereza wa enzi za Malkia Victoria walikuwa na vito vya msiba kabisa. Mumewe, Albert, alifariki Desemba 1861, naye Malkia akavaa nyeusi hadi kufa kwake mwaka 1901, na watu wakamuiga. Mjane alitarajiwa kuvaa nyeusi tupu mwaka mzima na siku moja, kisha apunguze taratibu mpaka kijivu na zambarau. Enameli nyeupe ilikuwa ya watoto na wasiooa au kuolewa. Lulu ndogondogo ziliwakilisha machozi.

Sasa hiyo pini. Tangazo lilisema jeti ya Whitby, ule mti wa kale uliogeuka jiwe jeusi kwenye pwani ya Yorkshire. Jeti ni nyepesi, na ukiigusisha shavuni haina baridi. Hii ilikuwa nzito, na baridi yake usiseme. Kioo hicho! Kioo cheusi nacho kilivaliwa sana misibani, sina ugomvi nacho, lakini bei yake si ya jeti. Hela walirudisha bila ubishi, gharama ya posta wakaniachia mwenyewe.

Pete naipa nyota tano, tangazo mbili. Ukinunua ya nywele, ivue kabla ya kuosha vyombo au kutawadha, maana maji yakipenya chini ya kioo nywele zinaharibika. Na ikikubana, mwambie sonara mapema kwamba ina nywele ndani, la sivyo moto wake wa kulehemu utaziunguza zote.