Kutoa giaboksi ya otomatiki, kuweka ya manyuali: gereji ya Barabara ya Lamu, Malindi

Mwenye Mercedes W123 (modeli ya zamani) ya otomatiki anayetaka manyuali aende hapa bila wasiwasi. Kabla ya kufunga giaboksi, fundi huchungulia mwisho wa krenkshafti, shafti kuu ya injini: kwenye injini iliyotoka na otomatiki, beringi ndogo ya pailoti, inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi, mara nyingi haimo, na bila hiyo shafti hiyo hucheza, gia zikaanza kukataa kuingia. Flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, hufungwa kwa bolti zake mpya. Za otomatiki ni fupi, asikudanganye mtu. Propela, shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, hupimwa upya. Waya za swichi ya nyutro, ile ya otomatiki inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia, huunganishwa, la sivyo stata haipigi. Kinachoniudhi ni paipu ya klachi: huwekwa ya chuma, na chumvi ya bahari huila. Dai wakuwekee ya shaba.