Express au NestJS: kiolezo cha kuanzia mradi wa seva

Wanaojifunza kuandika programu hapa Mtwara huuliza mara kwa mara kama kiolezo cha kuanzia mradi wa Node.js (programu inayoendesha JavaScript kwenye seva) kijengwe juu ya Express, iliyotoka mwaka 2010, au juu ya NestJS, iliyofuata mwaka 2017; zote mbili ni fremu, yaani msingi ulioandikwa tayari wa kujengea programu za seva.

Zote mbili ni za bure, kwa hiyo gharama halisi ni bando na muda. Express hushusha vifurushi vichache vya msimbo, na faili moja la mistari michache hutosha kuwasha seva, jambo lenye maana kwa anayetegemea intaneti ya simu akiwa Newala au Tandahimba. NestJS huja na TypeScript (JavaScript iliyoongezewa aina za data), moduli na zana za majaribio, hivyo huwa nzito tangu siku ya kwanza.

Uzito wa suala uko kwenye matunzo. Express haikulazimishi mpangilio wowote, na nimewahi kukabidhiwa mfumo wa kurekodi uzito wa korosho za wakulima ambao, baada ya mwandishi wake kuondoka, hakuna aliyejua makosa yanashughulikiwa wapi. NestJS humwonyesha mgeni pa kutazama, ingawa dekoreta zake, yaani alama zinazoanza na @ juu ya vipande vya msimbo, huchelewa kuzoeleka.

Kwa uthabiti hazitofautiani sana, kwa kuwa NestJS kwa kawaida huendeshwa juu ya Express yenyewe.

Ukiwa peke yako na mradi mdogo wa msimu mmoja, Express itakufaa. Mfumo utakaopokezanwa na watu kadhaa kwa miaka unastahili NestJS, au Express iliyoandikiwa kanuni za mpangilio tangu mwanzo.